Upande Wangu wa Diski

Ouma alinipigia simu nikiwa nasahihisha kurasa za mwandishi mmoja anayependa koma kupita kiasi, kazi ambayo imenilisha tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Hakuzunguka. "Shemeji, Mama amepumzika," akasema, na nyuma yake nikasikia mtu akigonga chuma. Kumbe bado anachomelea mageti palepale. Nilimpa pole, naye akanipa pole, tukabaki tunasikilizana tukipumua kama watu wasiojua nani akate simu kwanza. Mama aliyemtaja alikuwa mzazi wake na mama mkwe wangu, mama yake Okelo, mume wangu wa kwanza. Ni yeye aliyenitawala katika boma lao nje kidogo ya mji wa Homa Bay sehemu kubwa ya mwaka elfu moja mia tisa tisini na tisa. Kwa muda mrefu, watu wakiniuliza mwaka ule nilikuwa wapi, nilikuwa nawajibu kwamba niliugua. Sikuugua. Nilikuwa nimekwama, na kompyuta yangu ilikuwa imekwama pamoja nami, na leo naweza kusema bila haya kwamba siku nyingine nililia zaidi kwa ajili ya kompyuta.

Mwaka ulianza Migori, katika nyumba ya kupanga nyuma ya karakana ya mbao, ambako kila kitu tulichokula kilikuwa na vumbi kidogo la msumeno. Okelo alifundisha hesabu shule ya upili, mimi nilifundisha Kiswahili shule ya msingi. Kompyuta ilikaa juu ya meza ya chakula, kwa hiyo sisi tulikula sahani zikiwa mapajani. Ilikuja kuukuu kutoka Nairobi ikiwa na Windows, nami nikaizoea upesi, lakini Okelo hakuwa mtu wa kuacha kitu kilivyo. Rafiki yake, Mwalimu Ongeri, alimpa sidii yenye mfumo mwingine uitwao Linux, na Jumapili moja nzima wakaigawa diski vipande viwili huku chai yangu ikipoa. "Huku kwako, huku kwangu," Okelo akaniambia, akajiona amefanya jambo la haki sana. Ukiiwasha, mashine ilikuuliza unataka kuingia upande gani, na usipojibu haraka ilikupeleka kwake. Kwa hilo tuligombana wiki nzima. Kwangu kulikuwa na rangi na picha za kubofya. Kwake kulikuwa na skrini nyeusi na herufi nyeupe, na ilikubidi uandike kila unachotaka. Tena nikiwa upande wangu sikuweza kuuona upande wake hata kidogo, ilhali yeye, alivyonieleza, angeweza kuuona wangu, mradi kwanza auunganishe: auambie mfumo wake kipande kile kiko wapi, ni cha aina gani, na kifungukie kwenye folda ipi. "Na wewe umeuunganisha?" nilimuuliza. "Mimi nina kazi zangu," akajibu bila kugeuka.

Huko upande wangu nilikuwa naandika kitabu cha Kiswahili cha darasa la tatu. Mhariri mmoja kutoka Nairobi, mama mwenye sauti nzito na mkoba mkubwa, alikuwa amesoma sura zangu za kwanza kwenye semina ya walimu pale Kisii. Akanivuta pembeni kwenye foleni ya chakula, akaniambia nikimletea kitabu kizima kabla Agosti haijaisha atakichapa, na kwamba dawati lake la Kiswahili lilikuwa na kiti kisicho na mtu. Nilikula wali wa siku ile bila kujua ladha yake. Kuanzia hapo kila jioni niliketi mbele ya skrini na kuandika habari za watoto wawili na mbuzi wao aitwaye Diwani, mbuzi aliyekuwa akiingia mikutanoni bila kualikwa. Okelo sikumsomea. Ana mdomo, nikawaza, atanicheka nishindwe kuendelea. Nilikuwa na disketi moja tu ya akiba, nayo ilikataa kusomeka, jambo ambalo disketi za siku zile zililipenda mno, nami nikajisemea nitanunua nyingine kesho.

Kabla ya masika Okelo alishikwa na homa. Ilimpanda kichwani, na hospitali ilimrudisha akiwa amefunikwa. Siwezi kuandika zaidi ya hapo, na nimejaribu. Ndugu zake walikuja na lori wakapakia jeneza, halafu kitanda, viti, sufuria, meza ya chakula na kompyuta, wakanipandisha mbele kati ya dereva na Ouma. Nilifikiri tunakwenda kuzika, kisha nirudi kwenye darasa langu. Hakuna aliyenidanganya. Ni mimi tu niliyekuwa Mkuria niliyeolewa Ujaluoni bila kuuliza maswali ya maana.

Katika boma lile walimjengea marehemu nyumba ya mabati kwa haraka, kwa sababu mwanamume hawezi kuzikwa nyumbani kwao asipokuwa na nyumba, na baada ya maziko nyumba hiyo ikawa yangu. Nikawa katika chola, yaani hali ya mjane ambaye bado hajatakaswa. Nilivaa shati la Okelo. Nilikula kwa sahani yangu na kunywa kwa kikombe changu, na sahani hiyo haikuoshwa pamoja na nyingine. Sikuruhusiwa kuingia nyumba ya mtu yeyote, hata ya Mama. Niliongea na watu nikiwa nimesimama nje ya milango yao. Wala mwanamume hakuruhusiwa kuingia kwangu, maana wa kwanza kuvuka kizingiti kile angekuwa ndiye amenirithi. Na wa kunirithi alijulikana. Nilisikia wazee wakipanga hayo kwenye karakana ya Ouma, wakiamini sielewi Dholuo. Walikubaliana: baada ya mavuno, mwisho wa Agosti, Ouma ataingia kwa nyar Kuria. Binti wa Ukuria ndiye mimi. Ouma mwenyewe aligeuza tu kipande cha bomba mkononi. Akoth, mkewe, alikuwa jikoni akisonga kuon, ugali wao, na nilisikia mwiko wake ukisimama katikati ya sufuria.

Wenzangu wa sasa wa ofisini, vijana waliozaliwa na simu mkononi, huniuliza kwa nini sikuondoka tu. Ua lilikuwa la minyaa, hata mbuzi walilipita. Ninawajibu kwamba Akoth alikuwa na mapacha waliokuwa wanajifunza kutembea. Mjane akilitoroka boma kabla ya kutakaswa, watu wa pale waliamini, chira huwaingia watoto: wanakonda, wanakohoa, wanakwisha. Mimi sikuamini. Lakini watoto hukohoa, jamani. Siku moja wangekohoa tu, na Akoth, ambaye ndiye pekee aliyekuwa akinichekea, angeitazama barabara ya Migori nilikoelekea na kujua ni nani amewaua. Hilo ndilo lililonifunga, wala si ua. Kilichobaki mkononi mwangu kilikuwa kile kitabu. Nikikitoa kabla ya Agosti kwisha, nina kazi na nina sababu ya kuwaambia wazee kitu. Nisipokitoa, sina cha kuwaambia.

Kompyuta walikuwa wameipeleka kwa Ouma kwa kuwa nyumba yake ndiyo iliyokuwa na stima, inayotoka karakanani. Alikuwa na ndoto ya kufungua ofisi ya kupiga chapa mjini. Nilimwomba mara nyingi, nikiwa nimesimama nje ya mlango wake, aniwashie tu nimwelekeze kwa mdomo. Siku aliyokubali alikuja mlangoni akijikuna shingo.

"Shemeji, ile kitu iko na shida kidogo. Iliniambia imejaa. Sasa mimi nikaifagia."

"Umeifagia vipi?"

"Nilitoa tu zile vitu ziko na majina haieleweki. Yako sikugusa, aki. Zile za ajabu ajabu tu, zenye hazina maana."

Majina yasiyoeleweka yalikuwa ndiyo Windows yenyewe. Alikuwa ameng'oa nguzo akaacha mapazia. Nilikaa chini palepale kwenye vumbi, nikamtukana kwa Kikuria, lugha asiyoijua, naye akasimama akinisikiliza kwa adabu mpaka nilipomaliza.

Tangu siku hiyo mashine haikuweza kwenda upande wangu tena. Kila ilipowashwa ilikwenda upande wa Okelo, na kwa kuwa Okelo aliipa mashine jina lake mwenyewe, iliandika kwa herufi nyeupe jina hilo, okelo, kisha ikasubiri uandike wewe ni nani. Akoth alimsomea Mama. Mama alikuja na fimbo yake, akaitazama skrini kutoka mbali.

"Inataka nini?"

"Inaita Okelo, Mama. Halafu inangoja."

"Kila ikiamka?"

"Kila ikiamka."

Mimi nilikuwa nje, shingo nimeitoa kama kuku, nikieleza kwamba ni jina tu la mashine, ni kama jina la duka. Hakuna aliyenisikiliza. Mama hakupiga kelele. Alisema kwa Kiswahili, ili nami nisikie vizuri, "Mtoto yangu nimezika. Hii kitu haiwezi kumwita katika nyumba ya ndugu yake. Kama inataka mtu, ipelekwe kwa bibi yake." Na kwa kuwa hakuna mwanamume aliyeweza kuingia kwangu, Akoth na Mama mwenyewe waliibeba, Akoth skrini, Mama ile kibodi chini ya kwapa, wakaiweka juu ya kreti za soda katika nyumba yangu. Nilitamani kucheka na kulia pamoja. Ouma alivuta waya kutoka karakanani, akaupitisha juu ya kamba ya nguo na kuniingizia dirishani bila kuingiza hata mkono. Alipokuwa akichomelea, skrini ilitetemeka na kufifia, kwa hiyo ilimbidi aache kazi kila nilipoiwasha, naye aliacha. Sijawahi kumshukuru ipasavyo kwa hilo.

Sasa nilikuwa nayo, lakini kwenye upande nisioujua. Neno la siri la Okelo nililifahamu, alikuwa akilitamka kila anapoliandika, na niliweza kuingia. Baada ya hapo nilikodolea macho ule weusi. Niliandika habari, ikasema haijui habari. Niliandika fungua, ikasema haijui fungua. Kitabu changu kilikuwa ndani ya chuma kile, shubiri chache kutoka magotini mwangu, na sikuwa na mlango. Ndipo Ouma, aliyekuwa akienda Migori kununua fito za kuchomelea, akakubali kupita kwa Mwalimu Ongeri.

Ongeri alikuja Jumapili, maana Jumamosi ni Msabato hagusi kitu. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani, na alikuja amevaa suti ya rambirambi. Alifika mlangoni kwangu akanyanyua mguu, na Mama akaita kutoka barazani kwake: "Mwalimu! Ukiingia hapo, umeoa." Mguu ulishuka. Wakamletea kiti, wakakiweka nje chini ya dirisha langu, wakamletea na uji, na hivyo ndivyo nilivyofundishwa Linux, mwalimu nje, mwanafunzi ndani, na boma zima limekaa kusikiliza.

"Ingia kama root kwanza, yule msimamizi wa mashine, neno la siri ni lilelile la Okelo," alipaza sauti. "Umeingia? Sasa andika mount, yaani unganisha: em, o, yu, en, ti. Weka nafasi. Kistari, halafu ti. Nafasi. Vi, ef, ei, ti. Hiyo ndiyo aina ya upande wa Windows."

"Nimeandika."

"Nafasi tena. Mkwaju, dev, mkwaju, hda, moja. Hicho ni kipande cha kwanza cha diski. Nafasi. Mkwaju, mnt. Hapo ndipo kitafungukia. Usibonyeze! Nisomee kwanza."

Nilimsomea herufi moja moja. Wazee walitikisa vichwa kana kwamba ni maombi. Nikabonyeza, na mashine ikanijibu kwa Kiingereza chake kifupi, nami nikasoma kwa sauti: kipande hicho tayari kimeunganishwa, kwenye folda /home/okelo/boke.

Boke ni mimi. Nje, Ongeri aliacha kunywa uji.

"Rudia hiyo folda," akasema. Nikarudia. "Basi huhitaji kuunganisha chochote. Alishauunganisha mwenyewe, na unajiunganisha kila mashine inapowaka. Andika mount peke yake, nisomee mstari wa upande wako. Mwishoni kuna mabano. Ndani ya mabano kuna nini?"

"Kuna ro."

Alivua miwani yake, nilimwona kupitia dirishani. "Hiyo ni kusoma tu," akasema kwa sauti ya chini kuliko ya mwanzo. "Alikuwa anaweza kusoma kila kitu chako, Mwalimu. Kubadilisha hata nukta, hapana. Alijifungia mkono mwenyewe."

Kwanza nilikasirika. Mtu aliyenijibu ana kazi zake, kumbe alikuwa akiingia kwangu bila hodi! Kisha nikakumbuka siku moja sokoni Migori, mbuzi alipotuzibia njia kati ya mafungu ya viazi, na Okelo akanivuta mkono akasema, "Mpishe Diwani." Nilicheka siku ile, nikadhani nilikuwa nimemsimulia. Sikuwa nimemsimulia. Alikuwa amesoma, akapenda, na akanyamaza ili nisishindwe kuendelea. Niliweka kichwa juu ya kreti za soda nikamlilia mume wangu kwa mara ya kwanza tangu azikwe, kwa sauti, na kwa kuwa mjane analia wakati wowote hakuna aliyeona ajabu. Ongeri alinisubiri. Uji wake ulipoisha aliniuliza taratibu kama niko tayari kunakili.

Sura zilikuwepo zote isipokuwa ya mwisho, ambayo nilikuwa nimeihifadhi mahali pabaya na fagio la Ouma likaipitia. Tulizinakili kwenye disketi mpya aliyokuja nayo, nikaipitisha dirishani, naye akaifunga ndani ya kitambaa cha mfukoni akaenda kuzichapa Migori. Sura ya mwisho niliiandika upya kwa kalamu, mchana, nimeketi kizingitini kwangu huku Akoth akichambua omena, vile vidagaa vya ziwani, nje na kubishana nami juu ya maneno. Ilihusu soko. Alinifundisha jinsi muuzaji anavyomsuta mnunuzi anayeshika-shika bila kununua, na maneno yale yamo kitabuni mpaka leo, ingawa niliyapunguza makali. Alipokwenda mjini kusaga unga alimtumia Ongeri karatasi zile kwa matatu ya Migori, ili apeleke kitabu kizima kwa mhariri. Siku ile ndipo aliponiuliza, bila kunitazama, kama kitabu kikikubaliwa nitaondoka. Nikamwambia sijui. Akasema yeye hataki nibaki na hataki niondoke, na macho yake yalikuwa kwa mapacha waliokuwa wakisukumana kwenye majivu.

Jibu lilikuja wiki ya mavuno. Ongeri alisimama tena chini ya dirisha. Mhariri alikuwa amekipenda kitabu. Alinitaka niende Nairobi mimi mwenyewe, wiki ileile, la sivyo kiti kingepewa mwingine. Nilitarajia moyo wangu uruke. Haukuruka. Mtego ulikuwa umefunguka upande mmoja tu: kitabu kilikuwa kimetoka, mimi bado. Wazee walishaalikwa. Pombe ilishaanza kuchachuka nyuma ya jiko, nilisikia harufu yake kutoka kitandani. Nilimwambia Ongeri kwa sauti kubwa, bila kujali nani anasikia, kwamba amshukuru yule mama na amwambie siwezi. Akasimama kidogo, akainamisha kichwa, akaenda.

Asubuhi iliyofuata wazee walikuwa wameketi barazani kwa Mama wakinywa chai, na Ouma kati yao, ameoga, amenyolewa, uso wake kama wa mtu anayengoja kung'olewa jino. Mama alitoka jikoni na kikapu kilichofunikwa kipande cha gunia. Alikuja mpaka mlangoni kwangu, akasimama, akasema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani:

"Nyar Kuria! Kwenda sokoni. Leta omena ya wageni."

Mzee mmoja alikohoa. "Iko omena hapa, Mama Okelo. Hata jana—"

"Ile iko na mchanga." Hakumgeukia. "Nataka ya kule kisiwani Remba. Kama haiko Homa Bay, tafuta mbele. Usirudi bila hiyo. Nani atakataza mimi kutuma bibi ya mtoto yangu sokoni?"

Hakuna aliyekataza. Mama mkwe anamtuma mke wa mwanawe. Mke akitumwa hajatoroka, yuko kwenye kazi ya boma, na boma liko salama na watoto wake wote. Wazee walilijua hilo vizuri kuliko mimi. Nilimwona Akoth akiwakumbatia mapacha, mkono mmoja mdomoni. Ouma aliinama akamimina chai kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa tayari. Nilipokea kikapu kikiwa kizito kuliko kilivyopaswa, na Mama, ambaye kwa miezi yote ile hakunigusa hata kwa kidole, alinishika kiwiko akanigeuza uso nielekee lango. "Usikimbie," alisema kwa sauti ya chini. "Mtu anaenda sokoni hakimbii." Nikatembea. Nje ya mji, nyuma ya ghala la pamba, nilifunua gunia nikakuta gauni langu la buluu limekunjwa, na viatu vyangu vya kufundishia vimepakwa mafuta.

Sikuandika barua. Sikujua nimwandikie nini mtu ambaye, nikimshukuru, nitakuwa nimemwambia kwamba nilitoroka. Niliolewa tena, nikazaa, nikazeeka Nairobi kwenye kiti kile cha dawati la Kiswahili. Kwa hiyo wiki iliyopita, nilipofika mazishini, nilipita nyuma kama mgeni, nikaenda moja kwa moja jikoni kwa wanawake, na Akoth, ambaye sasa ni bibi kizee mwenye sauti kubwa, akanitambulisha kwa wakwe zake, wake za mapacha. Mmoja wao alishika kiuno akanitazama. "Ni yeye?" akauliza. "Huyo Mama alikuwa anasema? Kila tukiuliza bibi ya Okelo alienda wapi, anasema, 'Nimemtuma sokoni. Soko ni mbali, wacheni ataleta.' Mpaka juzi hospitali alikuwa bado anasema." Wote wakageuka kunitazama, na yule msichana, kwa utani tu, akaninyooshea sufuria tupu.

"Na omena iko wapi?"

Walicheka sana, na ndio desturi, jikoni mwa msiba watu hucheka. Nilitazama mikono yangu. Nilikuwa nimekuja na shada la maua ya plastiki kutoka Nairobi.